Hisa Mia za Elimringi

Elimringi, kaa. Usisimame mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Penina, niinulie mto; Anande, funga dirisha, baridi ya mlima inanifika mifupani. Sikilizeni wanangu, maana daktari amekwisha kunitazama kwa macho ya kuaga, nami sitaki kuzikwa na hasira hii kifuani.

Kampuni ya malori niliianzisha na wenzangu baada ya vita, tulipochoka kuteremsha kahawa yetu kwa punda hadi Usa River huku wenye magari wakitupangia nauli wanavyotaka. Tuliuza hisa kwa shilingi ishirini, na watu walitucheka kanisani hapa Nkoaranga. Kisha kahawa ikapata bei, hisa ikapanda hadi sitini, karani akaiandika kwa chaki kwenye ubao wa ofisi yetu kule Arusha, na wale wale waliotucheka wakawa wanapita kuitazama.

Ndipo wewe, Elimringi, ukaenda ukauza hisa zako mia, zote, asubuhi moja, bila kuninong'oneza neno. Nilipokuuliza ulitabasamu: "Baba, imepanda mara tatu, ningoje nini?" Hisa nilizokupa mimi! Sikatai, faida ilikuwa yako na kuuza si wizi, lakini ulijua kwamba wewe ni mtoto wa mwenyekiti. Waliokuona ukitoka na bahasha walisema, mwana wa Elinami anakimbia, basi kuna ubovu tunafichwa. Kesho yake Reginald rafiki yako akauza, na baada yake kila mtu, wauzaji wakajaa hadi barazani na mnunuzi hakuna, karani akawa anafuta na kuandika, anafuta na kuandika. Katika wiki tatu hisa ilianguka hadi kumi na moja. Na malori? Malori yale yale matatu, madereva wale wale, mzigo ule ule wa kahawa! Muuza matairi aliyekuwa akitukopesha akataka pesa mkononi, na lori moja likakaa juu ya mawe miezi miwili. Kwa nini? Kwa sababu watu waliogopana.

Susana, mjane wa marehemu mdogo wangu, alinunua hisa kwa hamsini na nane kwa kuwa nilimwambia mimi kwamba kampuni ni nzima. Aliingiza humo pesa ya ng'ombe wake wawili. Alikuja akaketi hapo ulipo wewe, akalia: "Shemeji, si ulisema malori ni mazima?" Yalikuwa mazima! Akauza kwa kumi na moja ili mtoto asifukuzwe shule, na wiki hiyo hiyo wewe ulikuwa unaezeka nyumba yako kwa bati jipya.

Mnaniuliza shamba la Makumira liko wapi. Nililiuza, nikanunua hisa walizokuwa wakizitupa, ili bei isife kabisa. Leo ni thelathini na nne, na imechukua miaka miwili. Juzi Reginald kaja na maneno matamu, anataka zote. Nimemfukuza, na nguvu za kufukuza mtu sina tena.

Basi shikeni haya. Kihamba hiki, na migomba yake na kahawa yake, ni cha Anande. Nyumba ya mjini ni ya Penina. Hisa sitini mpeni Susana, wala asidaiwe hata senti. Zilizobaki ni zenu watatu, na asiuze mtu kabla hajakaa na wenzake. Mwenye shida auze chache chache, aseme mkutanoni shida yake ni nini, watu wasikie kwake wasije wakabuni. Elimringi, nilitaka nikunyime. Hata sasa nataka. Lakini fungu lako lipo, ila usitie sahihi ya kulipokea kabla hujafika kwa Susana ukamwambia kwa mdomo wako mwenyewe ulichomfanyia. Usimtume mtu. Nenda... nenda kwa miguu.

Maji, Penina. Kidogo tu. Yatosha.

Mungu awatunze. Awape... mvua kwa wakati, na watoto wenye haya. Anande, ubarikiwe. Penina, mama, ubarikiwe. Elimringi... usilie, sogea. Sijamaliza kukukasirikia. Mkono wangu hauinuki... uinue wewe, mwanangu. Uweke kichwani pako.