Mama Dorotea Mhoja Shimba na Bunduki Iliyokosa wa Kuipokea

Ndugu waombolezaji, majirani wa Pasiansi, wafanyabiashara wa Kirumba, na nyinyi waheshimiwa wa serikali mliotengewa viti vyenye kivuli: huyu tunayemlaza leo hapa Igoma, kando ya mumewe, alipenda mambo yasemwe yalivyo. Tutajitahidi.

Mama Dorotea alizaliwa tarehe 14 Agosti 1937 katika kijiji cha Kayenze, ufukweni mwa ziwa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mhoja na Mama Kabula. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, jambo ambalo kwa msichana wa wakati ule lilihitaji baba mkaidi. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu “anauliza sana”. Enzi zile hayo yalikuwa malalamiko. Hata sasa hayajawa sifa.

Mwaka 1957 aliajiriwa mjini Mwanza kuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba, akadumu hapo hadi mageuzi yalipokuja na watu wakaanza kupunguzwa. Barua ya kumpunguza, Julai 1992, aliipiga chapa mwenyewe. Bosi alimletea rasimu, yeye akasahihisha makosa, akaipeleka isainiwe, kisha akakaa mezani pake akasubiri kukabidhiwa. Baadaye alifungua kibanda cha nyavu Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na wavuvi wakajifunza kumwamkia shikamoo kabla ya kuuliza bei.

Alifunga ndoa na Bwana Nkwabi Shimba tarehe 27 Juni 1959. Walijaliwa watoto watatu: Tereza, Pius na Jonathan. Bwana Nkwabi alikuwa mpole, mfugaji wa hapa Igoma, mwenye kashamba ka mpunga Kayenze. Mwaka 1968 alipewa leseni ya bunduki ya mitutu miwili, ili awafukuze viboko. Katika miaka yote hiyo alimlenga kiboko mmoja tu, akapiga banda la kuku la jirani. Kiboko alimaliza mpunga, akarudi ziwani kwa mwendo wake. Mama Dorotea alikuwa akisimulia kisa hiki hadi machozi yanamtoka, na mzee anacheka kuliko wote.

Mzee Nkwabi alifariki tarehe 3 Machi 1993. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyake, kama desturi: koti, redio, plau, na bunduki. Shemeji wa Mama Dorotea, Chenge, ndugu wa marehemu, akasema bunduki ni yake, maana yeye ndiye mwanaume mkubwa aliyebaki.

“Shemeji,” akamwuliza Mama Dorotea, “na leseni unayo?”

“Leseni si ya marehemu? Nani atamwuliza marehemu?”

Hilo jibu lilimkosesha usingizi. Kesho yake aliivingirisha bunduki kwenye blanketi, akaipeleka kituoni. Mkuu wa zamu akamweleza utaratibu, na tunaurudia hapa kwa sababu yeye alitaka kila mtu aujue: silaha hupokelewa kutoka kwa mwenye leseni tu. Mwenye leseni akifa, silaha hukaa na familia mpaka mirathi iishe. Mirathi iishe lini, hakuna palipoandikwa. Kwa hiyo bunduki ya marehemu inaweza kukaa uvunguni mwa mtu yeyote, miaka yoyote, na sheria ikapita mlangoni bila kubisha hodi.

“Mpaka aje mwenyewe, mama,” akasema mkuu wa zamu.

“Mwenyewe tumemzika Igoma. Akija hapa, baba, wa kwanza kukimbia ni wewe.”

Akarudi na blanketi lake. Mwezi haukuisha, wakaja nyumbani Pasiansi vijana wawili wenye adabu nzuri, wakampa pole ya msiba, wakanywa chai, halafu wakaomba waazimwe bunduki kwa wiki moja. “Tunafukuza viboko, mama.” Akawauliza viboko gani wa kufukuzwa kwa wiki moja. Wakacheka. Hapo akaelewa. Ziwani wakati ule wakusanyaji wa sangara walikuwa wakiporwa mashine za mitumbwi kwa mtutu wa bunduki, na mwanawe wa mwisho, Jonathan, alikuwa kwenye mtumbwi wa kukusanya samaki. Mama mtu alikuwa amelalia silaha, na nyingine za aina hiyohiyo zilikuwa zikimsubiri mwanawe majini.

Alikwenda kwenye gazeti moja jipya la hapa mjini, lililojiita sauti ya wasio na sauti. Mhariri alimsikiliza vizuri. “Mama, kibali tumepata juzi. Tukiandika hili, keshokutwa mimi nauza vitumbua.” Ndipo akaenda kwa Mzee Natvarlal, mpiga chapa wa kadi za harusi na matangazo ya misiba, ambaye tunamwona hapa leo, na shikamoo mzee wetu. Mzee Natvarlal hakuwa na fremu nyingine kubwa ila ile nyeusi ya msiba. Akaitumia hiyohiyo. Tangazo lilisomeka: “Familia ya marehemu Nkwabi Shimba inasikitika kutangaza kwamba bunduki yake ipo Pasiansi, haina mwenyewe, na sheria haijamtaja wa kuipokea. Mwenye ya kwake kama hii ajitokeze.”

Tangazo la msiba hakuna asiyelisoma. Lakini watu wa Mwanza husoma jina na mtaa tu, wakaenda msibani. Jioni ile kina mama wa Kirumba walifika Pasiansi na unga, kuni na sufuria, wakaanza kulia toka getini. Mama Dorotea hakuwarudisha. Aliwakalisha kwenye mikeka, akawaeleza msiba ni wa nini. Mmoja akanyamaza kulia, akasema, “Kumbe na ile ya baba Kulwa iliyo darini?” Mwingine akasema yao inaazimwa na mjomba kila mwezi. Wiki iliyofuata wajane walikwenda kituoni na mablanketi yao. Wote wakarudishwa.

Aliitwa ofisi kubwa. Akaambiwa, “Mama, unawafundisha majambazi.”

“Majambazi ndio walionifundisha mimi, mheshimiwa. Walinifuata nyumbani, nikawapa chai. Aliyekuwa hajui ni wewe, na sasa unajua.”

Hakukana kwamba tangazo lilileta pia watu wa kuuliza bei. Walikuja. Alisema shimo likiwa njiani, ukilifunika majani wanaotumbukia ni wageni, aliyelichimba analikwepa. Waheshimiwa waliandika maelezo yake, na kwa karibu miaka mitatu hawakufanya kitu kingine chochote.

Tarehe 11 Februari 1996, kwenye maji ya Ukerewe, Jonathan alipigwa risasi na wezi wa mashine. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Kwenye mazishi yake, hapa hapa, afisa mmoja alimwinamia mama mfiwa akamnong’oneza: “Unaona sasa matangazo yako?” Kwa mwaka mzima mama huyu aliamini kwamba huenda amemwua mwanawe kwa karatasi. Aliacha kula samaki. Alifunga kibanda. Usiku Tereza alimsikia akilitamka tangazo lile neno kwa neno, akitafuta lililokosewa.

Kesi iliposikilizwa, mahakama ilielezwa kwamba bunduki iliyomwua Jonathan ilikuwa ya mtu aliyekufa 1984, na imekuwa ikikodishwa tangu 1989. Miaka minne kabla ya fremu nyeusi ya Mzee Natvarlal. Afisa yule hakurudi kusema pole. Ana nafasi leo, maana yupo kwenye viti vile vya kivuli. Kosa halina kivuli cha kujificha.

Wajane hawakuacha kwenda kituoni na mablanketi, na mwishowe hata magazeti yalipata ujasiri, yakaandika. Mwezi Juni mwaka huu, 1999, likatoka agizo: familia irejeshe ndani ya mwezi mmoja silaha yoyote iliyokuwa mikononi mwa mtu anayefariki kuanzia tarehe ya agizo. Walishukuriwa wadau. Jina la Mama Dorotea halikutajwa, naye hakulitafuta. Asubuhi iliyofuata alikuwa kituoni na blanketi.

“Mzee wako alifariki lini, mama?”

“Tisini na tatu.”

“Agizo ni kwa wanaofariki kuanzia sasa.”

Waliokufa mapema, yaani, wameachiwa bunduki zao. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu, akakaa, akaomba maji. Sukari ilikuwa imemsumbua tangu msiba wa Jonathan. Sasa moyo nao ukachoka. Alilazwa Septemba, akafariki tarehe 9 Oktoba 1999, saa kumi na moja alfajiri, Tereza akiwa amemshika mkono.

Siku mbili kabla, alimwomba Tereza amsomee tena lile agizo. Akasikiliza hadi mwisho, akatabasamu.

“Iliyokuwa mikononi mwa mtu anayefariki. Hawakusema mwenye leseni. Ipo mikononi mwa nani, Tereza?”

“Mwako, mama.”

“Basi nikifa, itabidi waipokee. Usilie bwana. Wapelekee makaburini, mbele za watu, wasipate pa kukwepea.”

Ameacha watoto wawili, Tereza na Pius, wajukuu saba, shemeji yake Chenge, ambaye ameombwa asisogee karibu na lile blanketi, na wajane wengi wa mji huu wenye mablanketi kama hilo.

Bunduki iko miguuni pa jeneza. Kabla ya udongo, afisa aliyeketi kiti cha pili kutoka kushoto anaombwa asimame, aipokee, na aandike stakabadhi. Hatuna haraka, mchungaji ameafiki, na wachimba kaburi wameweka koleo chini. Mama yetu apumzike kwa amani, mara tu mheshimiwa atakapomaliza kutia saini.