Upande wa Pili wa Santuri

Kama umekuja kukunja pua, ikunje ukiwa kwako. Anayesema gitaa haliwezi kumpeleka mtu Bumba hakuwepo Mbugangari, mtaa wa jirani na Goma, siku ile ya mvua, mwaka wa hamsini na tano, benchi la kahawa lilipoingizwa ndani ya chumba cha Kadiri, fundi cherehani, na Mugabo akaweka gramofoni yake juu ya meza ya kukatia nguo. Mugabo alikuwa dereva wa lori, mgeni wa juma moja mtaani. Santuri yake haikuwa na mwimbaji: magitaa mawili, filimbi na ngoma, basi. Aliyemuuzia kule Goma asubuhi ile alimwambia ni safari ya mto ndani ya msitu. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Saidati, muuza kahawa wa benchi hilo, alikuwa akimimina. Mkono ukasimama.

Mtaa mzima ulijua Saidati husema aliishi miaka sita ndani ya meli za mtoni, Kisangani mpaka Bumba, na kwamba marehemu mumewe alikuwa mpima maji, yaani mpima kina cha mto. Mtaa ulijua pia kwamba benchi halikumwamini. Faradji, waliyemwita Kapteni kwa sababu alidai kuendesha meli kwenye mto huo huo, aliapa hakuna kazi kama hiyo. Mume wa Saidati, alisema, aliuza sabuni Goma akafa huko huko. Basi marehemu alikufa mara mbili: kwa homa, kisha kwa mdomo wa Faradji.

Upande wa kwanza ulipokwisha, kila mtu alikuwa na elimu yake. Kadiri alisikia ndovu wakivuka, akaongeza kwamba haba na haba hujaza kibaba, na hakuna aliyeona inaingilia wapi. Faradji alisikia vita. Magitaa ni mishale, filimbi ni mamba dume aliyechomwa mkuki, na mamba huyo, alisema, alimjua kwa macho.

— Hakuna mamba, akasema Saidati. Hii ni meli inatoka Kisangani, muto haujapanuka. Mugabo, usigeuze bado. Mi naambia nyinyi kwanza iko nini upande wa pili.

Kadiri akadai Saidati ameshausikia mahali. Mugabo akakataa: santuri ni mpya kabisa, karatasi yake imefunguliwa hapo hapo, mbele ya macho yao.

— Bon, haya, sema, mama, akasema Faradji. Ikikosa, hatutasikia tena Bumba hapa.

— Ikikosa, nitasema mbele yenu bwana yangu aliuza sabuni.

Kadiri akaacha cherehani, akasogeza kiti karibu.

— Muto unapanuka, akasema Saidati. Filimbi inanyamaza. Mutasikia muti mbili ndefu tu zinaingia mu maji, kushoto, kuume, kushoto, kuume. Ni watu wa mbele ya meli, wanatafuta muchanga, meli isikwame. Kisha muti moja inakosa chini, na magitaa yote inakimbia.

Faradji akacheka mpaka akakohoa.

— Muti? Nani anapima maji na muti? Utafika wapi, fasi gani? Maji haina chini.

Kadiri akaafiki: maji yakimwagika hayazoleki. Wakacheka pamoja, watu waliozaliwa pembeni ya ziwa Kivu, ambako hatua chache kutoka ufukoni mti mrefu wa mvuvi haugusi tena ardhi.

Mugabo akageuza santuri, akateremsha sindano.

Magitaa yakaja taratibu, mapana. Filimbi ikaimba kidogo, ikakatika. Ikabaki ngoma peke yake: du, kushoto, du, kuume, du, du. Pigo moja likakosekana, mahali pake pakawa patupu, kisha magitaa yakachomoka kama meli iliyoona maji mengi mbele yake.

Mugabo akanyanyua sindano.

— Kapteni, samahani, mi ni mugeni, akasema Mugabo. Kule mutoni, kama hamukupima, mulijuaje muchanga iko wapi?

Faradji akanyoosha kikombe chake kwa Saidati. Kadiri akarudi kwenye cherehani yake.

Saidati akaokota birika, lingali na kahawa nusu, akampita Kapteni na kikombe chake kitupu.

— Ule muti wa kuume ni Ramazani, bwana yangu, akasema. Kesho mukimutaja, mumutaje na jina.

Akatoka, akaufunga mlango.