Siku Isiyo ya Mvua

Ndani ya basi la Bariadi, Mzee Mabula alimwambia jirani yake kwa furaha kwamba ameshapanda pamba, maana jana mvua ilinyesha. Jirani, Mwalimu Nyamizi, ndiye mpima mvua wa shule yake.

"Haikunyesha, baba. Kitaalamu, siku ya mvua ni ile iliyofikisha milimita moja. Mbegu zitakufia ardhini."

"Ng'ombe wangu walirudi wamelowa."

"Walilowa, ila haikuwa siku ya mvua."

Mabula aliguna. Tangu lini jua likalowesha ng'ombe?

Basi liliposimama shuleni, matone yalianza. Mwalimu akajitanda kanga, akatimua mbio.

"Unakimbia nini, mwanangu?" Mabula alipaza sauti dirishani.

"Nawahi kipimo!"

Kipimo kilikuwa katikati ya uwanja. Mwalimu aliingia kibarazani.