Mama Pindo, Fundi Cherehani Aliyewasemea Watoto Mahakamani

Kamati ya familia iliniagiza mambo matatu: niandike ukurasa mmoja, nitaje tarehe zote, na nisichekeshe watu. Tarehe nimezitaja. Hayo mawili mengine, wazee wangu mniwie radhi. Huyu tunayemsindikiza leo haingii kwenye ukurasa mmoja, na kama angetuona tumenuna hivi angeuliza tumegombana na nani. Mimi ni mtoto wa mdogo wake wa kiume. Alikuwa shangazi yangu, ila humu nitamwita Marehemu kama inavyotakiwa, au Mama Pindo kama mlivyozoea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne kati ya sita wa karani wa tiketi na mkunga wa zahanati. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, anasema dada yake alianza kupima watu kabla hajajua kusoma. Kila mwisho wa mwezi aliwapanga ndugu zake kwenye mlango wa jikoni na kuwachorea mstari wa mkaa juu ya kichwa. Asiyeongezeka aliulizwa maswali. Mlango ule bado upo, na mpaka leo hakuna fundi rangi aliyeruhusiwa kuugusa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1965, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa kushona, alikopata cheti Novemba 1968. Cheti hicho kilikaribia kumpita. Kwenye mtihani wa mwisho alitakiwa kushona gauni la mtoto wa miaka mitano, naye akaacha pindo la chini lenye upana wa vidole vinne. Msimamizi akamwambia kitambaa kinaharibika. Akajibu, "Mwalimu, huyu mtoto wa miaka mitano mwakani ni wa sita. Au huyu wenu hakui?" Akapewa alama za kuponea chupuchupu. Tangu hapo hakushona nguo ya mtoto bila pindo kubwa, na jina likamganda.

Mwaka 1970 alifungua chumba chake cha kushonea sare za shule, kwenye baraza moja na fundi saa. Fundi saa huyo alileta suruali kupunguzwa urefu mara nne katika mwezi mmoja. Mara ya tano Marehemu akamwambia, "Kaka, hapa imebaki kaptura. Sema unachotaka." Walifunga ndoa tarehe 10 Agosti 1974 na kujaliwa watoto watatu. Mumewe alikuwa mpole na mtani. Alikuwa akiwaonya wageni wasimpe mkewe mkono, maana angewapima kiganja. Waliishi kwa raha mpaka mzee wetu alipotangulia tarehe 2 Mei 2009.

Sasa nije kwenye lile lililowaleta wengi wenu hapa, wakiwemo waheshimiwa wa mahakama ninaowaona wamekaa nyuma kabisa kama wanafunzi watoro.

Marehemu alikuwa na daftari la vipimo. Kila mtoto aliyeshonewa sare aliandikwa humo, mwaka hadi mwaka. Jumanne, tarehe 6 Januari 1998, baba mmoja alileta watoto wawili, wa kwake na wa marehemu dada yake, wote wa miaka minane. Wa kwake alikuwa ameongezeka vidole vinne tangu Januari iliyopita. Wa dada yake hakuwa ameongezeka kitu, si bega, si mkono, si urefu. Marehemu alipima mara tatu. Akabadilisha utepe, akidhani ule wa kwanza umevutika. Yule baba akasema, "Huu ni wembamba wa ukoo." Marehemu hakubishana. Alisubiri waondoke, akafunga duka saa nne asubuhi, akalibeba daftari mpaka ofisi ya ustawi wa jamii.

Kesi ilipofika mahakamani, wakili wa yule mjomba alitaka kumchezea. "Shahidi, wewe ni fundi cherehani. Unajua nini kuhusu malezi?"

"Malezi sijui, mheshimiwa. Najua urefu. Nyumba moja, mwaka mmoja, watoto wawili. Mmoja kaongezeka vidole vinne, mwenzie hajaongezeka hata uzi. Mimi nauliza tu, chakula cha huyu kilikuwa kinakwenda wapi?"

Hakimu aliomba daftari, akausoma ule ukurasa mara mbili. Mtoto alipelekwa kuishi kwa mama yake mdogo. Leo mtoto huyo ni mtu mzima, na ana urefu wa kuninyima mimi usingizi kwa wivu.

Mahakama ilipoanzisha mpango wa wasemaji wa hiari wa watoto, hakimu yule yule alimtuma karani akamwite. Aliapishwa tarehe 18 Februari 2002. Kwa msioijua, kazi hiyo haina mshahara. Msemaji hukabidhiwa mtoto aliyepigwa au kutelekezwa, ambaye kesi yake iko mahakamani. Humtembelea anakoishi, huongea na mwalimu, jirani na daktari, kisha humwandikia hakimu kinachomfaa mtoto, hata kama wakubwa wote watakunja nyuso. Marehemu aliifanya kwa miaka ishirini na mmoja, kwa watoto arobaini na mmoja.

Kila mtoto alimshonea nguo moja ya kwendea mahakamani. Pindo la nguo hiyo lilikuwa ndiyo makisio yake ya kesi: kidole kimoja kwa kila miezi sita. Makarani wakaacha kuuliza kesi itachukua muda gani, wakawa wanauliza, "Mama, hii ya vidole vingapi?" Mratibu wa wasemaji, dada wa kufuata sheria mpaka nukta, alimwita ofisini akamkumbusha kuwa zawadi kwa watoto haziruhusiwi. Marehemu akasema, "Mwanangu, mtoto akisimama mbele ya hakimu na nguo ya kuazima, atajiona naye kaazimwa. Nifukuze, lakini nguo nitashona." Hakufukuzwa. Sheria nayo haikubadilishwa. Mratibu akawa tu hatazami chini ya magoti ya watoto.

Alikosea pia, na alipenda kulisimulia kosa hilo mwenyewe. Mwaka 2006 alimkadiria kijana mmoja vidole sita, maana hakuna ndugu aliyejulikana. Wiki ya tatu babu yake akajitokeza na vyeti vyote mkononi, kesi ikafungwa. Yule mtoto akabaki na suruali yenye pindo zito la kuburuza. Kila mwaka alirudi dukani pindo lishushwe kidole, na aliivaa suruali ile mpaka alipomfikia fundi begani. Siku hizi anaendesha lori, na ndilo lililobeba viti mlivyokalia.

Marehemu aliwakatalia watoto ahadi. Hakumwambia yeyote "utarudi nyumbani" wala "mambo yatakuwa mazuri." Aliwaahidi jambo moja tu: "Siku ya kusikilizwa, ukiingia, utaniona nimekaa kiti cha mbele." Na walimwona, kila mmoja, kila mara, hata siku alipofika na malapa kwa sababu kiatu kilikatika ngazini.

Novemba 2021 alianza kuishiwa pumzi. Daktari alimweleza kwamba moyo wake umepanuka. Akauliza, "Vidole vingapi?" Daktari, masikini, akadhani haelewi, akamchorea picha. Alitumia dawa kwa utii wa kushangaza na kupunguza kazi kwa ukaidi tuliouzoea. Watoto wengine walikabidhiwa wasemaji wengine. Mmoja, Marehemu alikataa kumwachia mtu.

Huyo ni msichana wa miaka saba tuliyemwita Hakimu Mdogo, kwa kuwa siku ya kwanza alipanda kwenye kiti cha mheshimiwa na ilibidi ashushwe na askari. Alikuwa akifungiwa ndani peke yake, na sitasema zaidi ya hapo. Sasa yuko makao ya watoto, bibi yake mzaa mama amepatikana, na uamuzi kama ataishi naye utatolewa Alhamisi ijayo, tarehe 22. Marehemu alikwisha kuandika taarifa yake. Kilichomkosesha raha hospitalini ni kile kiti cha mbele. Mgonjwa mwingine angeomba maji. Yeye aliniuliza, "Nani atakaa?"

Kwa miaka kumi alikuwa ananishawishi niwe msemaji, nami nilitia pamba masikioni. Mimi na mahakama wapi na wapi? Mimi nauza vioo vya madirisha. Tarehe 2 Juni nilimaliza mafunzo na kuapishwa. Niliingia wodini na karatasi ya kiapo, akaisoma yote, akarudia tarehe kwa kidole. Kisha akasema, "Umechelewa miaka tisa na miezi kumi na moja. Haya, kaa." Akanisomea faili la mtoto mpaka muuguzi akaja kutufukuza. Nililia ndani ya lifti. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, wanawe wakiwa naye.

Marehemu ameacha watoto watatu, muuguzi, mpima ardhi na mwalimu. Wakwe watatu aliowapima siku ya kwanza. Wajukuu saba, kitukuu mmoja, kaka mmoja na dada wawili. Wale arobaini na mmoja sheria inanikataza kuwataja. Wanajijua. Naona mmeanza kugeuka kuwatafuta. Msigeuke.

Jana nilikwenda makao kumpa Hakimu Mdogo habari. Nilikuwa nimejiandalia maneno, akaniwahi. Alikuwa amevaa gauni la kijani la mahakamani, katikati ya wiki, bila sababu.

"Bibi wa pindo amekufa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kiti cha mbele atakaa nani?"

"Nitakaa mimi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Unajua kushona?"

"Sijui."

Aliinua ncha ya gauni, akaweka vidole vyake juu ya pindo kimoja kimoja, jinsi alivyofundishwa. Vilikuwa viwili. "Bado vipo," akasema. "Hivi atashusha nani?"

Nikamwambia nitajifunza. Nilipoanza kueleza kwamba Alhamisi tunaanza saa tatu, chumba namba nne, ghorofa ya pili, akanikatiza kama hakimu kamili.

"Uje saa mbili. Yeye alikuwa anakuja saa mbili."

Shangazi, saa mbili nitakuwa nimekaa. Pumzika sasa, kwa amani yote.