Mkia: Rubani Aliyepunguziwa Miaka Miwili

Kaka yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 4 Agosti 1958. Kwenye karatasi zote za kazini kwake mtaona 1960. Msiziangalie. Mama alikuwepo siku hiyo, karatasi hazikuwepo. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana, mtoto wa kwanza wa fundi seremala wa mabehewa na mkewe.

Shule alichelewa. Baba alipompeleka, mwalimu mkuu alimtazama kichwa hadi miguu akasema, "Huyu kwa darasa la kwanza ameshakuwa baba." Kesho yake baba alirudi na mtoto yuleyule, amemnyoa upara ili aonekane mdogo, na umri mwingine mkononi. "Jana nilichanganya, mwalimu. Nilitaja miaka ya mwingine." Na mtoto mwingine pekee nyumbani alikuwa mimi, niliyekuwa bado nabebwa mgongoni. Mwalimu alicheka, akaandika. Mama alinuna wiki nzima: "Nimezaa mtoto, mmeandika mwingine." Tangu hapo marehemu alikuwa mrefu kupita wote darasani. Sekondari walimpa ukiranja kwa sababu ya kimo tu, na yeye mwenyewe alikuwa akilikiri hilo.

Baada ya chuo cha urubani, aliajiriwa na shirika la ndege tarehe 2 Juni 1986, pamoja na wenzake wanane. Kwa msiojua kazi hiyo: siku uliyoajiriwa ndiyo nafasi yako katika foleni. Aliyeingia jana yake yuko mbele yako mpaka astaafu, hata kama wewe unatua vizuri kumshinda. Yeye ndiye anayechagua kwanza safari, likizo, na kiti cha kushoto, yaani kiti cha kapteni. Walioingia siku moja hupangwa kwa umri, mkubwa mbele. Kwa hesabu ya mama, kaka angekuwa wa tatu. Kwa hesabu ya baba akawa wa tisa. Wenzake wakamwita Mkia, na jina likamganda mpaka leo.

Nilimwambia aende akaseme ukweli. Akanijibu, "Mdogo wangu, nikisema umri nilidanganya, watauliza na kutua nilijifunza wapi." Kisha akajipa moyo: "Wao watastaafu, mimi nitabaki na miaka miwili ya baba. Ipo siku sitakuwa na mtu mbele." Maneno hayo aliyabeba maisha yake yote.

Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa muuguzi, wifi yangu huyu. Walijaliwa binti na kijana. Wote wawili walizaliwa baba yao akiwa angani, maana likizo ya Mkia ilikuwa ile iliyokataliwa na wengine wote. Wifi alizoea kusema mezani, "Mume wangu ananipenda sana, ila kwa zamu." Tulicheka. Wifi mwenyewe mara nyingi hakucheka.

Mwaka 1991 shirika liliuza ndege na kupunguza marubani, wakaanzia mkiani. Marehemu aliuza matairi dukani kwa watu miaka minne, mke akiwalisha kwa kazi ya wodini. Alipoitwa tena alirudi palepale alipokuwa, nyuma ya walewale. Ukapteni aliupata mwaka 2004, nywele zikiwa tayari na mvi. Abiria walimwamini kwa hizo mvi. Hakuna aliyejua zilitoka kwenye kungoja.

Agosti 2023 alitimiza miaka sitini na mitano, umri wa rubani kushuka na kustaafu. Nilikuwepo sebuleni wifi alipomwambia, "Mzee wangu, umefika. Shuka."

"Karatasi inasema bado. Wamebaki wawili tu mbele yangu."

"Na mbele ya hao wawili kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi hicho ndicho unachokingoja."

Alikwenda kupiga pasi shati la kesho.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alianza kuumwa tumbo na kuona damu chooni. Hakumwambia mtu. Rubani hupimwa kila baada ya miezi sita, na akisema ana maumivu anawekwa chini, haruki tena. Akapimwa macho, moyo na masikio, akapita. Mkewe, muuguzi mzima, alipouliza mbona suruali zinamvuka, alisema amepunguza mkate. Novemba alianguka bafuni, akapasuliwa, wakakuta saratani ya utumbo imeshafika kwenye ini. Ugonjwa ulihesabu kama mama. Haukuangalia karatasi.

Tarehe 31 Januari 2025, kapteni aliyekuwa mbele yake alitua mara ya mwisho akaja moja kwa moja wodini, bado amevaa sare. Akainama kitandani. "Mkia, nimeshuka. Sasa huna mtu mbele."

Kaka akauliza, "Namba mbili ni nani?"

"Yule rubani dada uliyemfundisha kutua kwenye upepo."

"Mwambieni asogee. Na umri wake ukifika, ashuke."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyoyasikia vizuri. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025, akiwa wa kwanza katika foleni nzima ya marubani, na hakuna safari hata moja aliyoichagua.

Ameacha mjane, binti, kijana, wajukuu wawili waliomjua zaidi kwenye simu, na mimi dada yake ninayesoma hapa. Shirika limeleta shada lenye mwaka 1960. Tumelipokea kwa heshima. Lakini kwenye kibao cha kaburi tumeandika 1958, na asitokee mtu wa kukirekebisha.

Apumzike, kaka yetu, kwa umri wake mwenyewe.