Mtia Rangi Aliyeambiwa Asugue Choo

Wasikilizaji wapendwa, leo nisameheni, nitaongea kwa uchungu. Tunamkumbuka mtia rangi vitambaa ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vidole. Amefariki Jumanne akiwa na miaka hamsini na mmoja, kwa saratani ya kibofu cha mkojo. Saratani ya kibofu, wasikilizaji. Ilijionyesha wazi mwaka mmoja na nusu kabla hajafikishwa kwa daktari anayehusika.

Vidole vyake havikuwahi kutakata. Leo zambarau, kesho kijani. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba: mapipa matano, jiko la kuchemshia na kamba za kuanikia. Mteja akileta maneno, alimjibu, "Kitambaa kikipauka nirudishie. Mumeo akipauka, hiyo si kazi yangu." Ulikuwa huwezi kukasirika naye.

Basi asubuhi moja mume wake, seremala, alikuta wekundu chooni. Akafoka, "Rangi zako zimwage huko nje. Choo hiki tunatumia wote." Mama Vidole akachukua brashi, akasugua. Alijua wekundu ule unatoka kwenye mkojo wake, ila alidhani ni rangi iliyomwingia mwilini kwa miaka yote ile. Haikumuuma popote. Na aliona haya kusema. Ukapotea wiki tatu, ukarudi. Akafokewa tena, akasugua tena. Zahanati alikwenda mara tatu, na mara zote tatu alipewa vidonge vya UTI bila kupimwa chochote. Mwaka mmoja na nusu mwanamke huyu alisugua damu yake mwenyewe huku akiomba radhi.

Aliyeshtuka ni binti yake, aliyekuwa akifanya naye kazi. "Mama," alimwambia, "tangu tupate kazi ya yale mapazia, miezi minne sasa tunatia bluu tupu. Huu wekundu unatoka wapi?"

Mama Vidole alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Siku hiyo hiyo wakaenda hospitali.

Daktari wa njia ya mkojo alipitisha kamera nyembamba, akaona uvimbe. "Ungekuja mapema," alimwambia, "pengine tungeukwangua kwa njia hii hii, bila kukupasua tumbo, tukakuwekea dawa humo humo kibofuni." Sasa ulikuwa umezama kwenye msuli. Ilibidi kibofu kitolewe, na mkojo uingie kwenye kifuko cha kubandika tumboni.

"Kitoeni," alisema. "Sikuja hapa kubembelezwa."

Wakakitoa. Lakini haikuchukua muda saratani ikaonekana kwenye mifupa. Aliishi miezi saba tu baada ya hapo.

Juzi nilikwenda msibani kumpa mkono seremala. Hakuupokea. "Pole mpe binti yangu," aliniambia. "Mimi ule wekundu nilikuwa nauona kila mara, nikatafuta wa kumgombeza."

Binti, pole sana. Ulichouliza ndicho tulichopaswa kuuliza sote. Seremala, nawe pole, hata kama umeikataa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, ipelekeni kwa daktari na mdai vipimo. Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayesugua choo kimya kimya, muulize leo anasugua nini.