Kitufe cha "Leo Sikuweza"

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka dada aliyetengeneza programu ya simu ya wagonjwa wa kisukari. Alitutoka Jumanne iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ofisini walimwita Injinia. Kwa shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu mdogo, alikuwa "mwanangu" tu.

Programu yake ilikuwa rahisi. Unapima sukari, unaandika namba, simu inakutunzia. Sukari ikipanda, kioo kizima kinakuwa chekundu. Injinia aliuonea fahari ule wekundu, acheni tu! Mgonjwa wa kwanza kuijaribu alikuwa shangazi.

Wiki tatu nzima shangazi akaandika sita, namba nzuri kabisa. Asubuhi sita, jioni sita. Injinia akachekelea. Kumbe! Siku ya kliniki, mashine ikasoma kumi na tisa. Shangazi akalazwa siku hiyo hiyo.

"Nilidanganya, mwanangu," alimwambia akiwa kitandani. "Hiyo simu yako ina ukali kama mwalimu wa hesabu. Inawaka nyekundu pale kwenye cherehani, wateja wote macho kodo. Ningeandikaje kumi na tano?"

Mimi nami mizani yangu ya bafuni nimeifunika taulo, kwa hiyo simcheki mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Injinia alipokumbushwa methali hiyo akasema, "Sawa, lakini aliyemfundisha kuficha ni mimi."

Akaondoa wekundu. Akakaa na shangazi mezani, katikati ya vitambaa na nyuzi, akimsomea neno moja moja la programu: hili linakuumiza? Na hili je? Namba ikizidi, simu sasa ingemwambia kwa upole aende kliniki. Na kikazaliwa kitufe kimoja, cha siku ya kushindwa kupima: "Leo sikuweza." Ukikibonyeza, simu inajibu: "Pole. Kesho tupo." Tangu hapo shangazi hakuficha namba tena. Nzuri aliandika, mbaya aliandika.

Siku ya mazishi, shangazi alikibonyeza kitufe kile. Simu ikamjibu kwa maneno ya marehemu. "Nililia, baba," ameniambia. "Halafu nikamjibu: haya mwanangu, kesho."

Kesho yake alipima. Kumi na tatu. Akaandika kumi na tatu, akaenda kliniki kwa miguu yake.

Shangazi, ndugu, na wote mliofanya kazi na marehemu ofisini, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tulio na wagonjwa nyumbani, tujitazame. Mgonjwa wako akikutajia namba mbaya leo, usimkunjie uso. Mwambie pole, kesho tupo.